Bibi Niliyempa Talaka Redioni

Niliamini kwamba kompyuta ya redio inapima moyo. Wala sikuamini nusunusu. Niliamini kwa maini na kwa figo zote mbili. Habari hiyo nilipewa mtaa wa Makanyagio na dereva wa bodaboda aliyenibeba pamoja na furushi la mitumba. Alisema redio yetu imeletewa kompyuta mpya, na kila salamu inapita humo kwanza. Ukituma huku una kinyongo, au unatimiza tu desturi, kompyuta inaitema kama mtoto anavyotema dawa chungu. Mtangazaji haioni kabisa. Zinazosomwa hewani ni zile zilizotoka moyoni.

"Na mtu aliyekuwa anasomwa kila wiki, halafu akapotea?" nikamuuliza.

"Huyo amepoa, kaka. Mashine imemshika."

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni na tulishafika kwenye umeme katika fizikia. Umeme wote ule haukunisaidia.

Nieleze kwa nini neno lile lilinichoma. Nilishuka kwenye treni hapa Mpanda nikiwa sina ndugu, sina mtani, sina hata mtu wa kunidai. Nikapata kazi ya kupiga pasi mitumba soko la Kashaulili, kwa pasi ya mkaa nzito kiasi kwamba ukiitua mezani dunia nzima inainama kidogo upande wetu. Jirani yangu alikuwa mama mmoja fundi cherehani, na redio yake haikuzimwa tangu uhuru. Jumapili baada ya misa kulikuwa na kipindi cha salamu. Watu wa Magamba wanasalimia wa mjini, wa mjini wanasalimia wafugaji huko porini na ng'ombe wao, kila mtu ana wa kumtaja. Mimi nikatuma meseji: "Nawasalimu wote wanaonijua. Na kwa kuwa hakuna anayenijua, nawasalimu wote. Ni mimi, kijana wa pasi."

Mtangazaji, dada mwenye sauti ya asali, alicheka mpaka akakohoa. Jumapili iliyofuata akasoma jibu kutoka Mpimbwe. Lilikuwa la bibi mmoja mkulima wa mpunga. "Mwambieni huyo kijana wa pasi, mimi namjua kuanzia leo. Nina wajukuu wengi, ila mume bado sina. Nitamchukua yeye."

Soko lote liliangua kicheko. Fundi cherehani akaacha kushona akapiga vigelegele. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mume wa Bibi, kuanzia genge la nyanya hadi kwa muuza sumu ya panya.

Tukaoana basi, hewani. Bibi anauliza: "Mume wangu, umekula? Kitabu umeshika leo, au umeshika pasi tu?" Namjibu kwamba nakusanya mahari, nimeshapata mkia wa mbuzi, nasubiri mbuzi mwenyewe. Wiki ijayo anarudisha: "Mwanamume wa kuahidi mkia! Wenzako wako shambani wananifukuzia ndege wa mpunga." Aliandika kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, na alijisifu kwamba herufi anazitafuta kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nilipotaka kuacha masomo kwa sababu ya hesabu, nilimwambia kwa meseji. Akajibu mbele ya mkoa mzima: "Sitaki mume asiyejua kugawanya. Mpunga wangu nitamkabidhi nani?" Nikarudi darasani kwa aibu. Kama kuna mtu aliyenifaulisha, ni yeye.

Sura yake sijaiona mpaka leo. Jina lake la kweli silijui. Nimewauliza wengi wanaoleta mchele kutoka kule, nao hunijibu kwa upole: "Mabibi wenye mashamba ya mpunga tunao tele, kaka. Wa kwako ni yupi?"

Halafu redio ikahamia mtandaoni. Mimi nilikuwa nimeshajinyima nyama mwaka mzima, au niseme karibu mwaka, nikanunua simu ya kupangusa. Nikaingia kundi la wasapu la wasikilizaji. Sasa hakuna tena kuandika, unarekodi sauti yako mwenyewe, mtangazaji anaibonyeza, mkoa unakusikia unavyohema. Kipindi kikawa kinaonekana mubashara kwenye simu. Na hapo ndipo nilipopata ushahidi, maana wakati salamu zinapigwa, mioyo midogo myekundu ilikuwa inapanda kwenye kioo. Nikasema si hii hapa! Mashine inapima na majibu tunayaona! Kumbe ni wasikilizaji tu waliokuwa wanabonyeza vidole, lakini nani angenieleza?

Tangu tuhame, salamu ya bibi haikusomwa tena. Jumapili ya kwanza nikasema labda mvua. Ya pili nikasema labda homa. Niliacha pasi ikakaa juu ya shati la watu mpaka likatoka na dirisha.

"Mume wa Bibi," fundi cherehani akanitania, "mkeo kakususia?"

"Ana shughuli za shamba."

"Shamba gani la kila Jumapili? Wanawake tunajuana, mwanangu. Kapata mwingine. Wa pasi ya umeme!"

Nilicheka kuliko wote, lakini chakula siku hiyo hakikupita. Bibi ndiye mtu pekee aliyeniuliza kama nimekula. Baada ya maneno ya bodaboda, kila Jumapili iliyopita bila jina langu ilikuwa kama mashine inanisomea hukumu: huyu hakupendi, alikuwa anatimiza desturi.

Matokeo ya mtihani yakatoka nikiwa nimefaulu. Nilipaswa kumwambia yeye kabla ya wote. Badala yake nikarekodi sauti, nikasafisha koo kama mheshimiwa, nikawashukuru walimu, nikamshukuru fundi cherehani, nikaishukuru hata pasi. Mwisho nikasema: "Na yule wa Mpimbwe aliyeniita mume, kwa kuwa amenisahau, leo nampa talaka. Moja, mbili, tatu. Mahari abaki nayo, ni mkia tu."

Ilipigwa hewani. Mioyo ilipanda kwenye kioo kama siafu. Watu wakaiomba irudiwe, ikarudiwa. Wiki nzima nilisalimiwa sokoni kama waziri. Ningeweza kuirudisha Jumapili ile, ningeipokea kwa mikono miwili na kuikunja isionekane.

Redio ikanialika studio, niwe mgeni wa kipindi. Nilivaa koti la mitumba nililolinyoosha mpaka likaogopa kukunjika. Studio yenyewe ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ukutani, na yule dada mwenye sauti ya asali alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Tulikuwa bado hatujaingia hewani.

"Dada," nikamwambia, "kabla hatujaanza, naomba nioneshwe ile kompyuta."

"Kompyuta ipi?"

"Inayopima moyo. Nataka kujua bibi yangu alipungukiwa wapi."

Alicheka, akageuka anione nikicheka naye. Sikuwa nacheka. Akaweka kikombe chini.

"Bibi yako alikuwa na simu gani?"

"Kitochi."

"Kaka, hakuna mashine ya kupima moyo. Namba ya meseji tuliifunga tulipohamia wasapu. Mwenye kitochi akituma, haifiki popote."

"Kwa hiyo alikuwa anatuma?"

"Hilo siwezi kujua. Labda alituma, labda alichoka. Ila kusikiliza redio hakuhitaji wasapu. Kama redio yake ilikuwa nzima, talaka yako aliisikia."