Gia Iliyogoma Asubuhi Palma

Nilifunga safari kwa hasira. Mdogo wangu Saidi, anayeishi Palma, Msumbiji, na kuvusha abiria kwenda kisiwa cha Vamizi, alinipigia simu Mikindani akasema boti yake ndiyo basi tena. Fundi kasema meno ya gia yamekwisha, na Ijumaa baada ya swala mnunuzi atakuja kuing'oa injini. "Hayo meno umeyaona kwa macho?" nikamuuliza. Akajibu kwamba hata fundi hakuifungua gia. Boti ile ndiyo iliyomwezesha kurudi Palma baada ya kukimbia vita. Bila hiyo, angekwenda kulinda mageti ya watu. Mimi ni mshonaji, bahari naijua kwa kuitazama tu, lakini hukumu ya mtu asiyefungua kitu huwa siimezi.

Jumatano alfajiri niliondoka. Kilambo nikavuka mto Ruvuma kwa boti ya mashine, miguu imebanwa na magunia ya vitunguu. Ng'ambo, Namoto, askari alipekua mkoba wangu akaishika mikasi, akaniita dada kwa Kireno. "Mana, hii ya nini?" "Ya kazi, baba. Mimi fundi nguo." Akaifungua na kuifunga mara mbili, akanirudishia. Kutoka hapo nilipanda pikipiki, nikafika Palma nikitafuna mchanga. Wifi yangu Mwanaisha alinipokea kwa wali na samaki. Saidi hakugusa chakula.

Alhamisi asubuhi tulikwenda ufukweni. Kipupwe kilikuwa kimekaza, nikajifunika kanga mbili. Injini ya boti ile imekaa ndani, na nyuma, nje, kuna mguu unaoshuka majini wenye gia na panga la kusukuma boti. Mestre Anselmo, fundi mwenyewe, alipitia hapo kama kawaida yake kabla ya kwenda kazini. Saidi akawasha injini, akasukuma mkono wa gia, uliounganishwa na mguu kwa waya mrefu, ukawa mgumu. Akausukuma kwa nguvu. Kule nyuma kukasagika, injini ikazima.

"Unasikia, mana?" Mestre akasema. "Caixa, sanduku la gia, imekufa. Meno yanasagana."

"Na mchana?" nikauliza.

"Mchana mimi niko serviço."

Nikamgeukia Saidi. Akainamisha kichwa. "Mchana inaingia vizuri, dada. Nikadhani inanidanganya tu."

"Kwa hiyo meno yanang'oka alfajiri, yanaota tena saa sita?"

Mestre akacheka kwa adabu, akaenda zake. Nilirudi nyumbani nimechemka, maana kubisha nimebisha, jibu sina.

Jibu nililikuta uani. Mwanaisha alitaka kunisuka, akatoa chupa ya mafuta ya nazi anayoyakamua mwenyewe. Yalikuwa yameganda, meupe pe. Akaiweka chupa juani, tukangoja. Hapo nikakumbuka nilivyochapwa utotoni kwa kutia mafuta hayo kwenye cherehani ya mama. Kipupwe kilipoingia, gurudumu halikuzunguka hadi jua lipande. Sisi wa pwani mafuta ya nazi tunayapaka kila kitu: nywele, bawaba, mapanga.

"Saidi! Ule waya wa gia uliutia nini?"

"Mafuta ya nazi, dada. Niliumiminia mpaka ukashiba, chumvi isiule."

Ijumaa alfajiri, baridi ikiwa bado kali, nilimwita Mestre tena. Nikamwomba jambo moja tu: aufungue waya kule nyuma, ausukume mkono wa mguu wenyewe, huku Saidi, injini imezimwa, akizungusha panga taratibu. Mestre akasukuma kwa vidole viwili. Tak, ikaingia mbele. Tak, ikatoka. Tak, ikaingia nyuma, laini kabisa. Akarudia mara tatu, akavua kofia.

"Mana, nimekosa. Caixa ni nzima. Waya ulikuwa unaifikisha nusu, ndiyo maana ikasaga."

Tukaumwagia waya birika la maji ya moto, nao ukalegea. Mestre mwenyewe akauosha kwa mafuta ya taa, akatia grisi. Saidi akawasha injini, akarudisha boti nyuma, akaipeleka mbele, akairudisha tena. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwanaisha alilia.

Baada ya swala, mnunuzi alifika na spana zake. "Injini iko wapi?" Nikamwonyesha baharini: boti imejaa abiria, inaondoka ufukweni kinyumenyume.

Jumamosi nilirudi nyumbani. Njia nzima sikumfikiria Mestre. Fundi hukosea, na huyu alikiri mbele za watu. Nilimfikiria mdogo wangu, aliyejua tangu siku ya kwanza kwamba mchana gia inaingia, akaona haya kumbishia mwenye ujuzi. Nusura aikose boti kwa heshima. Tulipoagana nilimshika sikio kama zamani, nikamwambia: "Fundi anaijua mashine. Boti yako unaijua wewe. Sema!"