Kiazi Kwenye Betri ya Kisilu

Mtu akikuambia kwamba Jaswant Singh wa Thika alikuwa fundi hodari, mwamini. Akikuambia alikuwa mtu rahisi kufanya kazi naye, mwulize alifanya naye miaka mingapi. Mimi, Githinji, nilifanya tisa, na nusu ya hiyo niliimaliza nikisaga meno.

Gereji yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli. Alishughulika na umeme tu: dainamo, stata, nyaya, betri. Kilichompandisha mori kuliko kitu chochote ni dereva kufunga betri kinyume. Matrekta ya Kiingereza ya siku zile yalifungwa upande wa plasi wa betri, yaani chanya, kwenye bodi, na yale malori ya jeshi yaliyobaki hapa baada ya vita yalifungwa upande wa pili, wa hasi. Dereva aliyetoka kwenye lori akapanda trekta, alifunga alivyozoea. Na kosa hilo halionekani upesi. Stata inazunguka kama kawaida, injini inawaka, trekta linalima. Mshale mdogo wa chaji tu ndio unalala upande usio wake. Huko ndani dainamo na betri zinapigana, vidude vinavyopitisha chaji vinaungua na kushikana, na siku ya pili unaona moshi.

Kwa hiyo hakuna aliyegusa meza ya kuchajia betri ila Jaswant mwenyewe. Ufunguo wa chumba cha meza hiyo aliuvaa shingoni. Alama za betri zikifutika, alikuwa na njia yake: anakata kiazi, anachomeka nyaya mbili za shaba kutoka kwenye betri, anangoja kidogo. Kiazi kinageuka kijani kando ya waya wa plasi. Alinifundisha hilo wiki yangu ya kwanza, akiniita mjinga kila baada ya neno la tatu.

Mwaka wa hamsini na tano, mvua zikikaribia, trekta la shamba moja la kahawa la Ruiru lililetwa likivutwa na lori. Dainamo ilikuwa imeungua. Dereva wake, Kisilu, alishuka na mkono uliofungwa kitambaa. Alikuwa Mkamba mpole, miaka kumi na moja kwenye trekta hilo bila kosa. Alieleza vizuri kabisa. Betri ilikufa kwa kukaa stoo, ikaletwa kwetu mwezi wa pili kuchajiwa, ikarudi, akaifunga kwa kufuata alama zake. Mshale ukaenda kinyume. Akamwambia nyapara, nyapara akamjibu kwamba trekta linalolima si gonjwa. Kesho yake moshi ukatoka, akaung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu, la sivyo trekta lote lingeungua.

Meneja wa shamba, Mzungu mwenye haraka aliyefuatana nao, alitaka jibu moja tu: kosa la nani. Jaswant alifungua dainamo, akainusa.

"Betri nafungwa kinyume," alisema. "Dereva nafunga."

"Fundi, nilifunga plasi kwenye bodi," Kisilu alisema. "Nimefunga hivyo miaka kumi na moja."

Jaswant akamjibu kwamba dainamo haisemi uongo. Basi, yakaisha. Meneja akamwambia Kisilu kazi hana, na nyumba ya shamba aiache kabla ya Jumamosi adhuhuri, yeye na mke wake na watoto wanne. Mimi nilikuwa nimesimama pale na spana mkononi, nikayameza maneno yangu. Hadi leo nikikumbuka najikasirikia.

Alhamisi tulifunga dainamo mpya kwenye trekta, Jaswant akafunga ile betri kwa mikono yake, plasi kwenye bodi. Tukawasha. Mshale ukalala upande usio wake. Akazima haraka, akafungua, akafunga tena, akawasha. Mshale ule ule. Akaanza kunigombeza mimi, ambaye sikuwa nimegusa hata skrubu.

Nilivuka barabara hadi kwa Warigia, mama aliyeuza viazi kando ya stesheni, nikarudi na kimoja. Nilikikata mbele ya Jaswant, nikachomeka nyaya. Alinicheka. Kisha kiazi kikaanza kugeuka kijani, kando ya waya uliotoka kwenye kichwa cha betri chenye alama ya hasi.

Akanituma nilete viazi vingine viwili. Akavikata mwenyewe. Vyote vilisema neno moja.

Betri iliyokufa kabisa, ukiichaji kinyume, inakubali. Plasi inakuwa hasi, hasi inakuwa plasi, na alama za nje zinabaki kama zilivyokuwa. Kisilu alikuwa ameifunga sawasawa betri iliyogeuzwa. Nikaikumbuka siku ile ya mwezi wa pili: Jaswant mezani kwake, akibana nyaya za chaji kwenye betri huku kichwa amekigeuzia mlangoni, akimfokea dereva wa Makuyu kuhusu kosa hili hili. Vibanio vyote viwili vya meza yake vilikuwa na waya mweusi, kwa kuwa ule mwekundu ulikatika na hakuona haja ya kutafuta mwingine. Yeye alijua ni waya upi.

Jaswant aliniambia tuweke betri nyingine na mambo ya shamba tuwaachie wa shamba. Hapo nilishindwa kujizuia.

"Fundi, Jumamosi watoto wa Kisilu watalala wapi?"

Siku nzima ya Ijumaa hakunitukana hata mara moja, na hilo lilinitisha.

Jumamosi asubuhi aliniandikia karatasi ya ruhusa, maana siku hizo za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, Mkikuyu kama mimi hakutoka Thika kwenda Ruiru hivi hivi, tukaenda na trekta juu ya lori. Tulikuta vitu vya Kisilu viko kwenye mkokoteni, mke wake Mbula akifunga sufuria kwa kamba. Jaswant alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akasema kosa ni lake. Meneja alisikiliza akiangalia saa. Dereva mpya alikuwa amekwisha kuandikwa. Kisilu angeweza kubaki kama kibarua wa kuchuma kahawa, akipenda. Nilitamani kumtupia mtu kitu.

Jaswant akarudi kwenye mkokoteni, akamwambia Kisilu kazi iko Thika, na chumba pia kipo.

"Kazi baadaye," Kisilu alisema. "Uliponifanya mharibifu, habari ilifika hadi hapa. Waambie wale."

Madereva na vibarua walikuwa mbele ya stoo, wakingoja posho. Jaswant aliiteremsha ile betri, akaiweka chini katikati yao, akatoa kiazi kwenye mfuko wa koti. Akakikata. Tukangoja wote, watu arobaini tukikodolea macho kiazi, mpaka kikageuka kijani upande usiotakiwa.

"Mimi nakosa," alisema. "Dereva hakosi."

Mtu mmoja alicheka. Jaswant, ambaye kwa kicheko kidogo kuliko hicho aliwahi kunirushia nyundo, alisimama tu.

Kisilu alikuja Thika, akapewa ule ufunguo wa shingoni. Kila betri iliyokufa, akiisha kuichaji, aliikatia kiazi, hata yenye alama safi, kisha akamwita Jaswant aje atazame, na mtu yule asiyeweza kumngoja yeyote alisimama akifuta mikono mpaka kijani kitokee. Wala hakuna siku niliyomsikia Kisilu akisema amemsamehe.

Trekta hakuendesha tena. Lile la Ruiru lilirudi mara mbili, likiwa na yule dereva mpya. Kisilu alichaji betri yake, akaifunga mwenyewe, plasi kwenye bodi, akauangalia mshale, kisha akasimama mlangoni mpaka mlio wa trekta ukapotelea upande wa reli.