Kituo cha Boksi

Kikundi chetu cha kutengeneza treni ndogo za mfano kilikuwa na watu watano, na wanne kati yetu hatukuwahi kupanda treni. Reli iko chini huko Uvinza, kwetu Kasulu haifiki. Wa tano alikuwa mzee mmoja wa Makere, mstaafu, aliyefanya kwa miaka mingi kazi ya kubadilisha njia za treni kwenye kituo kidogo cha porini. Sisi tulijua kukata bati na kuunganisha waya. Yeye alijua treni.

Siku ya maonyesho, kwenye uwanja wa mpira, tulipewa nafasi kati ya wauza asali na banda la mbegu. Tuliunganisha meza tatu, reli ikazunguka vilima vya maranda, na kwenye kona mzee akaweka kituo chake: kibanda cha boksi, benchi moja, na tangi la maji alilotengeneza kwa kifuniko cha chupa. Alikijenga peke yake, miezi kadhaa, na alituambia wazi kwa nini. Miaka yote aliyokuwa kazini mkewe alibaki Makere akilima na kulea watoto. Hakuwahi kukiona kituo. Leo angekuja saa nane, na mzee alitaka aione treni ikisimama pale.

"Asubuhi iendeshe mara chache tu," aliniagiza. "Umeme umekatika, na betri ni hiyo moja."

Swichi nilishika mimi. Watu walijaa, wazee kwa watoto, na treni ilipopita kila mtu alishangilia. Mimi ni fundi redio. Kwa siku hunishukuru mtu mmoja, wakizidi wawili. Sifa zikanipanda kichwani, nikaiachia izunguke. Mzee alinitazama, nikajifanya simwoni. Saa saba unusu treni ilipunguza mwendo, ikafa katikati ya kilima.

Mkewe alifika kwa bodaboda, amevaa kitenge ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia.

"Marahaba. Mbona treni yenu imelala?"

Mzee hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Niliona aibu nikashindwa kumtazama, nikatoka mbio kwenda kuazima betri kwa vijana wa pikipiki. Wa kwanza alikataa, wa pili alikuwa na abiria. Ilinichukua karibu saa nzima.

Niliporudi watu walikuwa wamehamia kwenye asali. Mzee na mkewe walikuwa wamekaa kwenye kreti za soda, mbele ya kile kituo. Mzee alikuwa na bendera ya kijani mapajani, ile aliyokuwa akiruhusia treni kazini.

"Hapa nilikuwa napikia," alisema. "Treni ikichelewa, nakaa kwenye benchi hili. Pengine siku mbili."

"Na nani?" mama aliuliza.

"Peke yangu."

"Mimi nilidhani una watu huko," mama alisema. "Nilidhani ndiyo maana ulikuwa huji."

"Ningekuja, kituoni angebaki nani?"

Niliinama, nikafunga waya za betri haraka haraka. Taa ya mbele ya treni ikawaka. Nikaweka kidole kwenye swichi, nimefurahi kwamba angalau nimelipa kosa langu.

Mama akaninyooshea kiganja bila kugeuka.

"Mwanangu, usiiwashe kwanza. Bado ananieleza."