Walisema Didace Amelewa

Jumapili hiyo Didace aliangusha msalaba aliokuwa amebeba kwenye maandamano ya misa. Puu! Kanisa zima likageuka.

"Kalewa tena," mtu akanong'ona.

Tena? Didace hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha! Mke wake, dada yangu Verdiana, alitamani ardhi immeze.

Kazi ya Didace ilikuwa kuchoma dhahabu machimboni. Wachimbaji wanamletea donge la dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, analiweka motoni, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Miaka nenda rudi, pua wazi.

Mikono ikaanza kutetemeka. Usingizi ukapotea. Akawa anasahau mpaka majina ya watoto.

Kaka yake, Amosi, akaja na lake.

"Shemeji, huyu karogwa. Wenzake wanamuonea wivu."

"Karogwa nini? Twende hospitali!" Verdiana akamjibu.

"Nyie wanawake, sindano tu."

Akampeleka kwa mganga wa kijiji cha Sibwesa. Akachanjwa chale, akafukizwa, akarudi vilevile. Zahanati nao wakampa dawa za malaria. Malaria gani haina homa?

Verdiana alichoka, akawa anamfokea mgonjwa mwenyewe.

"Shika kikombe vizuri! Unamwaga chai makusudi?"

Mwishowe wakampata daktari mmoja mama pale mjini Mpanda. Huyo hakuuliza pombe. Aliuliza kazi.

"Unachomea wapi?"

"Machimboni," Didace akajibu.

"Mvua ikinyesha anachomea jikoni kwangu," Verdiana akaongezea.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, nyoosha mikono."

"Mimi siumwi, daktari. Mgonjwa huyu hapa."

"Nyoosha tu."

Akanyoosha. Vidole vikacheza vyenyewe. Dada yangu akavitazama kama vya mtu mwingine. Zile hasira, kule kukesha macho makavu, kumbe! Yeye alidhani ni uchovu wa kuuguza.

Majibu ya mkojo yalipokuja, zebaki ilikuwemo kwa wote wawili.

"Kwanza acheni huo moshi," daktari akasema. "Bila hivyo sina cha kuwasaidia."

Sasa wanalima mpunga kule Mwamkulu. Mikono imetulia kiasi, siyo yote.

Na unajua nani kakalia jiko la Didace kule machimboni? Amosi! Tumemwambia mpaka mate yamekauka. Anacheka tu: "Mimi mganga kanipa kinga."

Nimechoka, jamani. Ila nyie mnaosoma hapa, mkimuona mtu anatetemeka, msikimbilie kumnusa mdomo. Muulizeni anafanya kazi gani.