Shamba Lisilo Kwenye Ramani

Pale mto Luapula unapoingia ziwa Mweru, mama wa viazi huanza kila asubuhi kwa kuchota tope na kulibana kiganjani. Likiponyoka kama mchanga, anasogea. Likishika vidole, anapanda. Kucha zake zimeshika rangi ya mto, na sabuni imeshindwa nazo. Mbele ya matuta amechomeka matete safu kwa safu, ili maji yapite na tope libaki, na kijiti chenye vitambaa humwonyesha tope limepanda kiasi gani tangu mvua zilizopita. Mwaka juzi ziwa lilifura likala matuta yote ya chini. Hakulia. Aling'oa matete, akayarudisha nyuma hatua ishirini, akaanza upya huku akilitukana ziwa kwa Kiswahili cha kwao Pweto.

Wiki iliyopita mtu wa ofisi alikuja na boti ya injini, ramani magotini, pale pote pamepakwa buluu ya maji. “Mama, mu mapu yetu hapa iko mayi tu,” alisema bila kushuka. “Hapana shamba. Utoke.” Mama hakuinuka. Ziwa alishazoea kugombana nalo, lakini hata ziwa halijawahi kumwambia kwamba tope lake halipo. Alimaliza kufukia shina la kiazi, akalishindilia kwa kisigino, ndipo akaitazama ile boti, ambayo tangu ifike ilikuwa imelala ubavu, tumbo lote kwenye tope.

“Iko mayi, bwana?” alisema. “Basi washa mota, uende.”