Nilimbeba mama mkwe, sasa ukoo unataka mbuzi

Admin, ficha jina langu, ingawa Bwera nzima itanijua tu. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na mbili. Shule niliachia darasa la tano, lakini mtambo ukikohoa najua unaumwa wapi. Pale Kikorongo nilimkemea nyati akarudi porini mwenyewe. Mbishe mkitaka.

Nafanya kazi kwa shemeji, kaka wa bibi yangu. Iko na kiwanda kidogo, tunachemsha juisi ya pasheni mpaka inakuwa nzito kama asali. Ni sufuria kubwa la chuma, mfuniko umekazwa kwa bolti, linapashwa na mvuke. Juu iko valvu: mvuke ukizidi inafunguka yenyewe, inapiga filimbi.

Mchana mmoja mama mkwe akaja kuona mali ya mtoto wake. Kwetu mukwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kugusana. Akiingia, mimi natoka. Nikaacha mtambo, nikasimama nje ya mlango. Nikachungulia: mshale wa presha uko kwenye nyekundu, filimbi kimya! Kutazama juu, valvu imefungwa kwa waya. Na mama amevuta kigoda kando ya sufuria, anapasha magoti.

Nikageuza mgongo, nikapiga kelele: "Mama, toka!"

"Mukwe ananifukuza kwa mtoto wangu?"

"Itapasuka!"

"Ipasuke! Mimi naota moto."

Nikaingia, nikamnyanyua kama gunia la kahawa, ananipiga kiatu kichwani mpaka nje. Nikarudi ndani, nikafunga bomba la mvuke. Hapo hapo mfuniko ukaachia pembeni, juisi ya moto ikaruka yote juu ya kile kigoda.

Ukoo wa bibi ukakaa kikao. Eti nilete mbuzi ya kuosha aibu, nipige magoti. Bibi yangu iko kwao mpaka nilete. Shemeji, aliyefunga waya, anasema, "Filimbi ilikuwa inatupotezea moto. Aibu umeleta wewe." Amekaza mfuniko, waya iko palepale, na watu wanafanya kazi chini yake. Mama mwenyewe ametuma neno: "Mbuzi alete. Lakini kile kigoda sikalii tena."

Mbuzi nimeshamfunga, mnono kushinda ng'ombe za watu wengine. Kwa mama nitapiga magoti, mila ni mila. Lakini siku hiyo, mbele ya ukoo, shemeji akate waya kwa mkono wake. Asipokata, mbuzi nitakula na majirani, na mtambo atawasha yeye.

Bibi yangu analia kwa simu: "Baba watoto, unavunja nyumba kwa sababu ya waya?"

Ndugu zangu, nishaurini. Ila msiniambie nitangulize mbuzi.