Mlio wa Ghorofa ya Nne

Makao Makuu ya Ulinzi wa Mtaa yalitangaza, na tangazo likabandikwa kwenye mlango wa duka la mikate lisilo na mikate, kwamba mtambo wa adui uliokuwa ukielekeza makombora kwenye foleni ya maji umegunduliwa ghorofa ya nne ya jengo letu na kuharibiwa kabisa. Kwamba mwendeshaji wake ameadhibiwa. Na kwamba raia sasa wanaweza kwenda kuteka maji bila hofu.

Mtambo huo ulikuwa kompyuta. Zdenko, mwalimu wa jiografia, aliiunda mwenyewe miaka kadhaa kabla ya vita kwa mchoro wa gazetini. Aliilehemu juu ya meza ya jikoni, akaichongea kasha kwa mbao za kitanda. Enzi zile za Yugoslavia wanaume wengi walikuwa na ugonjwa huo. Redio ilirusha programu za kompyuta hewani, baada ya muziki, mlio kama paka aliyebanwa na mlango. Unaurekodi kwenye kaseti, unaisikilizisha kompyuta kaseti hiyo, na mlio unageuka mchezo. Mke wa Zdenko alikufa bila kuona faida yake. Sisi tulikuwa hai na hatukuiona vilevile.

Vita havikumtibu. Gari lake lilichanwachanwa na vipande vya kombora, betri ikapona, akaipandisha jikoni kuendeshea kompyuta. Kila alasiri ukuta wetu ulilia kama paka. Jumatatu moja, mlio ukiendelea, kombora la adui kutoka mlimani likaangukia foleni ya maji. Shahza wa ghorofa ya tatu alirudi na ndoo mbili na kiatu cha dada yake. Kiatu hakikuwa kitupu.

"Yule anawaita," alisema pale ngazini. "Analia, wanapiga. Analia, wanapiga. Nyinyi hamna masikio?"

Hakuna aliyebisha. Makombora yalianguka kutwa. Sauti yoyote ingelingana nayo, hata kikohozi.

Akaja Nusret na watu wake watatu. Kabla ya vita alikuwa mkagua tiketi wa tramu. Sasa alikuwa kamanda, na hakuacha desturi ya kazi ya zamani: kupiga kwanza, kuuliza tiketi baadaye. Alimvunja Zdenko pua kwa kitako cha bunduki palepale mlangoni. Jikoni walimpiga mateke ya mbavu, na redio kaseti nayo ikala teke lake.

"Mwalimu, unanikumbuka?"

"Dawati la nyuma," Zdenko alisema, akatema jino. "Karibu na dirisha."

"Unazungumza na nani kule mlimani?"

"Ni mchezo, Nusret. Niliutunga kwa ajili ya wanafunzi."

"Basi tuonyeshe. Ukiwaka, unabaki hapa na kahawa yako ya dengu. Usipowaka, unakwenda kuchimba mahandaki."

Waliopelekwa kuchimba walichimba katikati ya bunduki za pande mbili. Kwa kawaida shimo la mwisho lilikuwa la mchimbaji mwenyewe.

Kaseti ililia hadi mwisho. Kioo cha kompyuta kikajaa takataka.

"Huyo wa sepetu," alisema mrefu mmoja.

"Mmeipiga teke," Zdenko alisema. "Kile kichwa cha kusomea kimekaa upande. Nipe bisibisi, mwanangu."

Alizungusha skrubu kidogo kidogo, damu ikidondokea kaseti, akiusikiliza mlio kama mpishi aonjaye mchuzi. Kombora lilianguka uani, vioo na plasta vikamwagika. Askari walilala chini. Zdenko aliilalia redio kaseti.

Kisha kioo kikaandika: MITO YA NCHI YETU. JINA LAKO?

"Kumbe mchezo kweli," alisema yule mrefu. "Mwachie mzee, kamanda, twende zetu."

Na mambo yangeishia hapo, lau kama Nusret hangevuta kiti. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja. Kompyuta ikamuuliza mto Miljacka humwaga maji yake katika mto gani. Miljacka hupita chini ya madirisha yetu. Nusret alifikiri, akaandika: Sava.

SIVYO. KAA CHINI, NUSRET. MOJA.

Moja ndiyo alama ya aliyefeli, na hayo ndiyo maneno ambayo Zdenko aliyasema darasani maisha yake yote. Askari waliangua kicheko. Mmoja alilazimika kushika jiko asianguke.

"Kamanda, kaa chini!"

"Ni Bosna, bwana! Hata mbuzi wa bibi yangu anajua!"

Zdenko hakucheka. Lakini alikuwa mwalimu hadi kwenye uboho.

"Bosna, Nusret," alisema kwa upole. "Nimekwambia mara ngapi?"

Nusret aliipondaponda kompyuta. Kisha akaulaza mkono wa kulia wa mwalimu juu ya meza na kuushushia kitako cha bunduki, tena na tena, halafu wa kushoto. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

"Haya," alimwambia mtu aliyelala sakafuni. "Kaa chini, mwalimu."

Mahandakini hakupelekwa, hakuweza tena kushika sepetu. Hospitali ilimkata vidole vitatu bila ganzi, kwa kuwa ganzi haikuwepo. Shahza alichukua mbao za kasha akapikia wali, akasema ni kavu, zinawaka vizuri. Tangazo likabandikwa Jumatano.

Alhamisi foleni ya maji ilipigwa tena. Kwa sababu ya tangazo, siku hiyo foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida.